Saa Moja Niliyomwibia Rafiki Yangu kwa Ajili ya Mlingoti

Nimekosa. Naanza hivyo hivyo bila kuzunguka, maana nikizunguka nitajikuta najitetea, na kujitetea ndiko kulikonifikisha hapa. Nilikuwa mshenga wa rafiki yangu wa kufa na kuzikana, nikaisogeza saa ya posa yake ili niangalie mechi. Na si mpira huu mnaoujua ninyi! Mpira wa Australia!

Chekeni tu. Hata mimi huwa nacheka kwanza, halafu nakumbuka, halafu nanyamaza.

Mimi ni mkazi wa Tunduma, naandaa karatasi za mizigo inayovuka mpaka. Mwaka huo barabara ya kwenda Sumbawanga ilikuwa inajengwa. Mpima barabara mmoja, Mwaustralia, alikaa ofisini kwetu siku nne akisubiri karatasi za mashine zake. Siku ya kwanza alitazama dari. Siku ya pili alifungua kompyuta yake akaniita nisogee.

Jamani! Nilichokiona siku hiyo kiliniharibu. Uwanja umekaa kama ungo uliovutwa huku na huku. Mpira umechongoka pande mbili kama papai. Watu kumi na wanane kila upande wanaudaka, wanaupiga teke, wanaupiga ngumi, wanapandiana mabegani! Goli lina nguzo nne zilizosimama wima, hazina mwamba juu. Ukipitisha katikati unapata pointi sita. Ukikosa, ukapitisha pembeni, unapata moja.

Nikamuuliza, "Yaani mtu anakosa na anapewa pointi?"

Akasema ndiyo.

Nikamwambia, huo ndio mchezo wangu.

Siku ya nne akanionyesha balaa lenyewe: ligi ya fantasi. Unajichagulia wachezaji kwenye kompyuta, kila mmoja ana bei ya kubuni, na kila wanachokifanya kweli uwanjani kule Australia, teke, kudaka, pasi ya ngumi, kukaba, kinageuka kuwa pointi zako huku Tunduma. Unakuwa kocha bila filimbi wala jasho! Karatasi zake zikatoka, akapanda gari lake akaenda zake porini. Ugonjwa akaniachia mimi.

Ndani ya mwezi nilikuwa nimewaambukiza watu sita. Makarani wawili, muuza dawa, dereva wa lori, mwenye kafe ya intaneti, na Jofrey. Hilo si jina lake, nimempa la bandia. Tukaunda ligi yetu ndogo yenye ubao wake wa kuandikiana meseji za kutambiana. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuushika mpira ule kwa mkono, lakini tulivyokuwa tunabishana mbele ya kafe, ungedhani tumezaliwa Melbourne wote!

Sasa nije kwa Mlingoti.

Jina lake halisi silitaji, na hata ningetaka, ulimi wangu haujawahi kulimaliza. Mlingoti nilimwita mimi. Kijana wa miaka ishirini, mtoto wa wafuga kondoo, urefu wake umezidi mita mbili. Kazi yake ni ile ya warefu: refa anaubamiza mpira chini katikati ya uwanja, unaruka juu, warefu wawili wanaurukia, mmoja anawasukumia wenzake. Klabu zilipogawana vijana wapya, alichaguliwa karibu na mwisho wa orodha. Miaka miwili alikuwa timu ya akiba. Akaumia goti, akapona. Alipoingia alikuwa na kilo themanini na nne, mwaka wa pili akafika tisini na moja, akawa anaelekea mia.

Uzito wake niliujua kuliko uzito wa mwanangu! Siku moja kliniki nesi alimuuliza mke wangu mtoto ana kilo ngapi safari iliyopita, mke wangu akanigeukia mimi, nikajibu, "Tisini na moja." Kuanzia siku hiyo mke wangu akawa anamwita Mlingoti mke mwenza wake.

Lakini nisikilizeni, nilikuwa na hoja. Kwenye fantasi mchezaji ambaye hajawahi kucheza timu kubwa bei yake ni ya kutupa. Ukimnunua mapema, halafu akapangwa, halafu akafanya vizuri, bei inapanda, unamuuza, unanunua nyota. Ndiyo siri yote! Wataalamu wa kule waliandika kwamba warefu huchelewa kukomaa, tusubiri mwaka wa tatu au wa nne. Mimi niliwabishia kwa Kiingereza changu cha fomu za forodha. Mmoja akaniuliza Tunduma ni kitongoji cha mji gani kule Australia. Nikamjibu ni mji wenye wajuzi.

Basi nikawa na Mlingoti wiki baada ya wiki, kakaa benchi la timu yangu, hapangwi, haleti hata pointi moja. Na aliyekuwa anaongoza ligi yetu unajua ni nani? Jofrey! Fundi wa matairi ya malori, mtu ambaye kompyuta anaishika kama anashika jiko la moto! Timu yake aliiita Buni ya Mbozi, na kila wiki ilitupiga sote. Nikimuuliza siri yake anacheka tu, anasema, "Bahati, ndugu yangu." Nami nikaamini ni bahati.

Huyo Jofrey ni mtu gani kwangu? Mke wangu aliposhikwa na uchungu wa mtoto wetu wa kwanza, mvua inamwagika na magari hakuna, Jofrey alichukua lori la mteja lililokuwa linasubiri tairi, akampandisha mke wangu mbele, akamfikisha hospitali. Mteja alimtukana mbele ya watu mpaka basi. Jofrey aliinamisha kichwa tu, akasema, "Samahani bosi, ni dada yangu." Hana dada.

Mtu huyo ndiye aliyekuja kuniambia, mikono imejaa grisi na uso umejaa aibu, kwamba amepata mchumba Mlowo na anataka mimi niwe mshenga wake.

Mchumba mwenyewe nimwite Anyesi. Alikuwa karani wa mizani kwenye kituo cha kununulia kahawa. Binti wa hesabu, haongei sana, anakutazama kama anakupima unyevu. Baba yake alishafariki, kwa hiyo aliyekuwa na kauli ni baba yake mkubwa, mzee wa kanisa, mkulima wa kahawa wa siku nyingi, mtu wa neno moja. Na kulikuwa na mwalimu mmoja wa Vwawa ambaye naye alikuwa anapita pita pale nyumbani akiwa amechomekea vizuri. Jofrey hakuwa analala. Miaka miwili alikuwa anampenda yule binti, na sasa kila kitu kilikuwa kinaning'inia kwenye barua moja ya posa.

Kwetu huku, mpaka barua ifunguliwe, familia mbili haziongei moja kwa moja. Mshenga ndiye mdomo, mshenga ndiye sikio. Siku gani, saa ngapi, wageni wangapi, yote yanapita kwake. Upande wa mwanamume hawajui kitu ila alichowaambia mshenga. Mnaona wenyewe mambo yanakoelekea.

Baba mkubwa alinipigia simu Jumatatu. "Jumamosi, saa tatu kamili asubuhi. Usichelewe, kijana. Siku hiyo nina safari."

Nikasema, "Shikamoo baba, tutafika hata kabla."

Na nilikuwa na nia hiyo, wallahi! Mpaka Alhamisi.

Alhamisi kabla ya saa sita mchana ndipo majina ya wachezaji wa mwisho wa wiki yanatoka. Nikafungua kompyuta ya ofisi kwa kujifichaficha. Mrefu wa kikosi cha kwanza kateguka kifundo. Nafasi yake anaingia nani? Mlingoti! Mlingoti wangu! Mechi ya kwanza ya maisha yake!

Nilipiga ukelele ambao haujawahi kusikika kwenye ofisi ile. Dereva mmoja Mkongo aliyekuwa amekaa pale tangu juzi akisubiri karatasi akadhani mzigo wake umeachiwa. Akaruka akanikumbatia. Nami nikamkumbatia! Tukazunguka hivyo katikati ya ofisi, yeye anamshukuru Mungu kwa Kilingala, mimi namshukuru kwa goti la Mlingoti.

Nikatazama saa ya mechi. Jumamosi, kwa saa zetu, saa moja na dakika kumi asubuhi.

Furaha ikasimama ghafla.

Mechi yao ina robo nne, na inachukua muda wa saa mbili na nusu hivi mpaka iishe. Tunduma mpaka Mlowo ni mwendo wa saa nzima ukiwa na dereva asiye na papara. Posa saa tatu maana yake kuondoka saa mbili. Saa mbili ni katikati ya robo ya pili! Mtoto ndiyo kwanza anapata joto!

Nikajiambia, saa moja tu. Nikisogeza saa moja tu, naona robo tatu nzima. Na zile safari za wazee wetu nani asiyezijua? Mzee akisema anaondoka saa nne, saa sita bado anatafuta kofia. Nilijiambia hivyo nikajikubalia mwenyewe, kikao cha mtu mmoja, hakuna aliyepinga.

Jioni nikaenda kwa Mzee Simoni, baba mdogo wa Jofrey, ndiye aliyekuwa kiongozi wa msafara. "Shikamoo mzee. Wenzetu wa Mlowo wamesema Jumamosi saa nne."

"Marahaba. Saa nne kamili?"

"Saa nne kamili."

Lilitoka mdomoni laini kabisa! Hata halikukwaruza. Kisha nikaenda kumpa Mlingoti unahodha wa timu yangu, maana nahodha pointi zake zinazidishwa mara mbili. Kumpa unahodha kijana wa mechi ya kwanza ni wazimu mtupu. Nikampa na kitambaa cha moyo wangu juu.

Jumamosi saa moja kasoro nilikuwa mlangoni pa kafe, nimevaa suti yangu ya harusi, barua ya posa ndani ya bahasha kwenye mfuko wa kifuani. Baridi ya mwezi wa sita, pumzi inatoka moshi. Mwenye kafe alikuja anafungua kufuli huku ananitazama.

"Bosi, unaenda kanisani au mahakamani?"

"Mlingoti anacheza!"

"Dah! Mpaka umevaa suti?"

Sasa niwaambie kitu ambacho kitawamaliza. Sikuwa naona mechi! Intaneti yetu ya siku zile ingebeba picha gani? Nilikuwa naona namba. Safu ya majina, na mbele ya kila jina namba inayobadilika kila baada ya muda, mtandao ukipenda. Karukia mpira, namba inaongezeka. Kadaka, inaongezeka. Mtu mzima mwenye mke na mtoto, amevaa tai, anapiga meza kwa sababu tano imekuwa nane!

Robo ya kwanza alianza taratibu, nikala kucha. Robo ya pili akaamka! Kumi na tisa, ishirini na tano, thelathini na moja! Akafunga goli! Nikatoka nje nikakimbia kuzunguka kafe mara moja, nikarudi nikakaa. Robo ya tatu ndiyo kabisa, namba zilikuwa zinapanda mpaka nikamuuliza mwenye kafe kama mashine imeharibika.

Na hapo, saa tatu kasoro dakika kumi, katika furaha yangu, nikafungua ubao wa ligi yetu nikaandika kwa herufi kubwa: "NIPO KAFE TANGU SAA MOJA! MLINGOTI KAAMKA! JOFREY NA BUNI YAKO MTANIKOMA! MLOWO WASUBIRI KIDOGO, MFALME ANACHEZA!"

Nikabonyeza tuma. Nikakimbilia msafara.

Tuliondoka saa tatu, mimi, Mzee Simoni na shangazi yake Jofrey, kwenye gari la kukodi. Njiani simu yangu ikashika mtandao kidogo, matokeo ya mwisho yakaingia: magoli mawili, na pointi za fantasi ambazo zikizidishwa mara mbili zinatosha kunitoa nafasi ya tano mpaka ya pili! Nikashindwa kujizuia, nikapiga kofi paja, nikacheka mwenyewe. Shangazi akadhani nafurahia posa, akapiga kigelegele. Nami nikampokea kwa shangwe! Mzee Simoni akatikisa kichwa akasema, "Washenga nimewaona wengi, lakini mwenye moyo kama huyu sijawahi kumwona."

Tuliingia Mlowo saa nne kamili, tunaimba.

Uani palikuwa kimya. Sebuleni wamekaa mama yake Anyesi, shangazi yake, na wazee wawili wa ukoo. Kiti kikubwa cha katikati kilikuwa kitupu, na chai imeshapoa mezani.

Shangazi yake Anyesi ndiye aliyeongea. "Karibuni. Mmekuja kutusalimia au mna shughuli?"

Mzee Simoni akajibu kwa heshima zote, "Tuna shughuli, mama. Na tunashukuru tumefika saa nne kamili, kama mlivyotuelekeza."

"Sisi? Tuliwaelekeza saa nne?"

Macho yote yakanigeukia. Ya huku na ya huku. Jamani, hakuna upweke kama wa mshenga anayetazamwa na familia mbili!

Na hapo ndipo nilipotoa uongo ambao ni mtu wa mpakani tu anayeweza kuutoa. Ulikuja wenyewe, umevaa viatu kabisa.

"Wazazi wangu, mnisamehe. Baba mkubwa aliponipigia nilikuwa nimevuka upande wa pili, Nakonde. Huko simu inashika mtandao wa Zambia, na saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Sasa ile saa tatu niliiandika nikiwa huko, niliporudi nikadhani niliandika saa ya huko. Nikaigeuza kuja ya kwetu, ikawa saa nne."

Mzee mmoja akahesabu kwa vidole, akaguna, akakubali kwamba hesabu ni sawa.

Shangazi mtu akanitazama. "Kwa hiyo baba mkubwa, mzaliwa wa hapa Mlowo, amekaa kwenye kiti hiki hapa, alikupigia simu kwa saa za Zambia?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikadhani nimepona.

"Na binti yetu mkimchukua," akaendelea, "atakuwa anapika kwa saa za nani?"

Wakacheka tena, lakini yeye hakucheka. Akatuambia kwamba baba mkubwa alitusubiri. Alikaa pale tangu saa tatu kasoro amevaa koti lake, kila gari likipita barabarani anainuka kuchungulia. Saa nne kasoro robo gari la msiba la kwenda Mbangala likaja kumchukua, ndugu yao alikuwa anazikwa siku hiyo. Ndiyo ilikuwa safari yake. Mimi nilidhani anatafuta kofia.

"Barua tunaipokea," shangazi mtu akasema. "Kuifungua hatufungui, mwenye kuifungua hayupo. Mtaleta jogoo wawili wa kuchelewa, na mtarudi kahawa ikishavunwa. Na niwaambie ukweli, hiyo si barua pekee iliyopo ndani ya nyumba hii."

Mwalimu wa Vwawa! Nikasema kijana wetu ni mzuri, ana kazi yake, nikakabidhi bahasha. Mzee Simoni alishuka mabega. Safari ya kurudi hakuna aliyepiga kigelegele.

Jofrey alikuwa anatusubiri amesimama barabarani, ameoga, amevaa shati jeupe. Nikamweleza vile vile, Nakonde, mtandao, saa ya Zambia. Nilitegemea anipige ngumi. Akanishika bega.

"Usijilaumu, ndugu yangu. Hiyo saa ya Nakonde hata mimi imeshaniponza mara ngapi. Tutangoja."

Afadhali angenipiga! Nilikwenda nyumbani nikashindwa kula. Lakini, na hapa ndipo mnijue nilivyo, kabla ya kulala nilichungulia tena msimamo wa ligi. Nafasi ya pili! Nikatabasamu. Nikajichukia. Nikachungulia tena.

Jumanne nikapigiwa simu na namba nisiyoijua. Sauti ya kike, ya taratibu.

"Shemeji, shikamoo. Ni Anyesi wa Mlowo."

"Marahaba shemeji! Habari za mizani?"

"Nzuri. Shemeji, mfalme anaendeleaje?"

Nikauliza mfalme gani.

"Si huyo aliyekuwa anacheza Jumamosi, Mlowo tukasubiri kidogo?"

Nikakaa juu ya boksi la karatasi. Kumbe Buni ya Mbozi ilikuwa timu yake! Jofrey alijiandikisha kwa ajili ya kunifurahisha mimi tu, halafu akampa mchumba wake aiendeshe, kwa kuwa yeye ndiye mtu wa namba. Miezi yote ile tuliyokuwa tunatambiana ubaoni, nilikuwa namtambia Anyesi! Na meseji yangu ya Jumamosi ilikuwa imekaa pale na saa yake juu, na maneno yangu mwenyewe kwamba nipo kafe tangu saa moja. Hapakuwa na Zambia ndani yake hata chembe.

"Sijamwonyesha Jofrey," akasema. "Yeye huo ubao hausomi. Nyumbani kwetu pia sijamwambia mtu, maana nikisema, baba mkubwa atasema ukoo mzima wa Jofrey ni waongo, na barua itarudishwa. Mwambie mwenyewe, shemeji. Nakupa mpaka Jumapili."

"Nitamwambia leo leo!"

"Na jingine. Huyo mrefu wako muuze. Warefu wanachelewa kukomaa. Sisi hatuchumi kahawa ya kijani."

Mnadhani nilimwambia siku hiyo? Sikumwambia. Jumatano nilikuwa na mizigo mingi. Alhamisi majina yakatoka, Mlingoti amepangwa tena. Nikasema nitamwambia Jofrey baada ya mechi, ili akili yangu itulie. Yaani nilimsubirisha mara ya pili, kwa sababu ile ile!

Jumapili mchana nikamkuta kwenye karakana yake, amekaa juu ya tairi la lori anakunywa soda. Nikamwambia yote. Saa tatu iliyogeuka saa nne, kafe, suti, uongo wa Nakonde. Sikubakiza kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakuinua sauti. Akazungusha chupa mkononi.

"Kwani huyo kijana wako alicheza vipi siku hiyo?"

Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu! "Aisee Jofrey, we acha tu! Robo ya pili kaamka, kaingia yule mrefu wa wapinzani mwenye uzoefu wa miaka tisa, Mlingoti kamrukia juu, kamfunika! Magoli mawili, mechi ya kwanza! Kijana katoka kwenye goti bovu, miaka miwili akiba, watu wote wamemkatia tamaa, ona sasa!" Nilikuwa nimesimama. Mikono iko juu. Nilikuwa naonyesha alivyoruka, mimi niliyeona namba tu.

Jofrey alikuwa ananitazama usoni tu.

"Mzee Simoni ameniambia ulichosema Mlowo kuhusu mimi," akasema. "Ulisema kijana ni mzuri, ana kazi yake. Basi. Maneno sita hivi. Nilidhani ndivyo unavyoongea ukiwa mbele ya wazee."

Nikashusha mikono.

"Kumbe unaweza kumsemea mtu," akasema. Akainuka, akachukua spana, akarudi kwenye lori.

Hayo ndiyo yote aliyoniambia. Hakunitukana. Miaka yote ile nimekaa naye, lori la mteja na mvua na mke wangu mle ndani, na siku aliyohitaji mtu wa kusimama mbele ya wazee aseme huyu ni mtu wa namna gani, mimi nilikuwa na maneno sita. Mengine yote niliyamalizia kafe.

Kahawa ilipovunwa wakarudi Mlowo na mshenga mwingine, mwenye duka la vipuri jirani na karakana, mtu wa Kigoma, Mwislamu mstaarabu. Nasikia walifika saa mbili na nusu. Nasikia alivyomwelezea Jofrey, mama yake Anyesi alitoa machozi. Barua ya mwalimu wa Vwawa ilirudishwa kwa heshima, maana Anyesi mwenyewe alikuwa amewaambia wazee wake anamtaka nani. Kwa hiyo ndoa ilifungwa, msiwe na wasiwasi, wapo, wana mtoto. Ligi yetu alishinda Anyesi. Mlingoti wangu alicheza mechi nne, msuli wa paja ukachanika, mwisho wa msimu timu ikaachana naye. Yupo kwao na kondoo, namtakia heri.

Harusini nilialikwa. Kadi niliyopewa ilikuwa ya mgeni wa kawaida, nikakaa nyuma karibu na spika, na pale mbele mshenga akaitwa kwa jina, akapigiwa makofi, akalishwa keki. Nilipiga makofi kuliko wote mle ukumbini. Mke wangu alinishika mkono, hakunitania siku hiyo.

Na nilidhani gharama imeishia hapo. Mshenga kwetu si mtu wa siku moja. Wale wawili wakikwaruzana, kabla ya wazazi na kabla ya mchungaji, wanakwenda kwa mshenga. Yeye ndiye anayejua walianzaje. Mwezi uliopita nilisikia mtaani kwamba Jofrey na mkewe hawaongei siku ya tatu. Asubuhi nikamwona anakuja upande wa ofisi yetu, kichwa chini. Nikafuta kiti. Nikaondoa karatasi mezani. Akapita mbele ya mlango wangu, akanisalimia vizuri kabisa, akaulizia mtoto, akaenda zake kwenye duka la vipuri. Mlango wa lile duka ukafungwa, wakakaa mle zaidi ya saa nzima. Alipotoka alikuwa anacheka.

Nawaambia ninyi mnaosoma hapa na kuniona mjinga, na mjinga ni kweli nilikuwa. Cheza mpira wako, penda timu yako, ikiwa ya Tunduma au ya Australia, mimi mwenyewe mpaka leo napenda na sijapona. Lakini ukikubali kumbebea mtu neno lake, lipeleke saa ile ile uliyoambiwa, na ukifika lisemee kwa nguvu zako zote. Wahi, jamani! Ukimkosea mtu wa namna ya Jofrey atakusamehe, hilo msitie shaka, mimi alinisamehe siku nyingi. Ila jambo lake jingine hatakuletea.